Kutafuta Chanzo cha Wi-Fi Inayokatika Kwenye Kompyuta Mpakato

Muunganisho uliokufa kabisa ni rahisi kuushughulikia kuliko ule unaokatika na kurudi. Uliokufa hukaa palepale ukingoja uchunguzwe, lakini unaokatika hujificha: ukiketi kuuchunguza unakuwa mzima, ukiinuka tu unapotea katikati ya mkutano au wakati faili unayopakua imebakiza sehemu ndogo kukamilika. Ndiyo maana watu wengi huishia kubahatisha. Huzima ruta na kuiwasha, hubadilisha nywila, huondoa programu ya kuzuia virusi, hata husakinisha upya mfumo mzima, na hali ikitulia kwa saa mbili hawajui ni kipi kati ya hayo kilichosaidia. Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Kwanza tunatafuta mahali hasa muunganisho unapokatikia, kisha ndipo tunagusa mipangilio, na kila mara tunagusa mmoja tu.

Hatua ya kwanza: andika kabla ya kugusa chochote

Kwa siku moja au mbili, kila Wi-Fi inapokatika, andika saa, mahali ulipoketi, kama kompyuta ilikuwa kwenye chaja au kwenye betri, na vifaa gani vilikuwa vimechomekwa. Andika pia ilirudi vipi: yenyewe baada ya sekunde chache, baada ya dakika nzima, au mpaka ulipozima na kuwasha Wi-Fi kwa mkono. Mistari sita au saba ya namna hii mara nyingi hutosha kuonyesha mwelekeo ambao kumbukumbu ya kichwani haiwezi kuushika. Wi-Fi inayokatika chumba kimoja tu ni tatizo la mawimbi. Inayokatika kwenye betri tu ni tatizo la usimamizi wa umeme. Inayokatika mara tu kompyuta inapoamka kutoka usingizini, kwa kawaida ni kiendeshi, yaani programu ndogo inayoiendesha Wi-Fi ya kompyuta.

Ukiwa katika siku hizo, angalia vifaa vingine vilivyounganishwa na ruta ileile. Simu ikiwekwa kando ya kompyuta, mezani palepale, nayo ikakatika kwa wakati uleule, kompyuta yako haina kosa. Simu ikiendelea bila shida huku kompyuta ikihangaika, umeshapunguza nusu ya kazi.

Hatua ya pili: jua unakatikia wapi

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi zaidi. Data inayotoka kwenye kompyuta yako hupita vipande viwili vya safari: kipande cha kwanza ni cha hewani, kutoka kompyuta hadi ruta, cha pili ni kutoka ruta kwenda kwa mtoa huduma na kuingia intaneti. Ukurasa unapokataa kufunguka, vipande vyote viwili huonekana kama kosa moja, ilhali dawa ya kimoja haiponyi kingine.

Kwenye Windows, fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd katika sehemu ya kutafutia, kisha andika:

ipconfig

Tafuta mstari ulioandikwa Default Gateway chini ya adapta ya Wi-Fi. Namba iliyo mbele yake ndiyo anwani ya ruta yako, na mara nyingi hufanana na 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Sasa tutatumia amri ya ping, ambayo hutuma pakiti, yaani vipande vidogo vya data, na kupima muda wa jibu kurudi. Fungua madirisha mawili ya amri na uyapange kando kwa kando. La kwanza liandikie:

ping -t 192.168.1.1

ukiweka anwani ya ruta yako mahali pa hiyo, na la pili:

ping -t 8.8.8.8

Anwani hii ya pili ni seva ya Google iliyo nje, kwenye intaneti. Kwenye macOS na Linux amri ni hiyohiyo bila -t, kwa kuwa huko ping huendelea yenyewe mpaka uisimamishe. Acha madirisha yote mawili yaendelee unapofanya kazi zako za kawaida.

Muunganisho ukiwa mzima, dirisha la ruta hutiririsha mistari kama hii:

Reply from 192.168.1.1: bytes=32 time=2ms TTL=64

Tazama namba iliyo baada ya neno time. Ukiwa karibu na ruta, muda wa milisekunde moja hadi kumi ni wa kawaida. Ukiona 2, 3, 2, halafu ghafla 480, 1200, kisha maneno Request timed out mara tatu mfululizo, hapo ndipo ugonjwa ulipojitokeza mbele ya macho yako. Hamisha macho mara moja kwenye dirisha la pili. Madirisha yote mawili yakikwama pamoja, kipande cha hewani ndicho kibovu, na hatua zinazofuata ni zako. Dirisha la ruta likiendelea kutiririsha milisekunde mbili-mbili huku la 8.8.8.8 likikwama, Wi-Fi yako ni nzima. Tatizo liko kwenye laini ya mtoa huduma au kwenye ruta yenyewe, na hakuna kiendeshi wala mpangilio wa kompyuta utakaolirekebisha. Wasiliana na mtoa huduma ukiwa na saa ulizoandika.

Kuna hali ya tatu ambayo huwachanganya wengi: madirisha yote yanajibu, lakini muda wa 8.8.8.8 unapanda hadi mamia ya milisekunde kila mara mtu mwingine anapopakia video au picha nyingi. Hapo hakuna kinachokatika. Laini imejaa, na pakiti zako zinangoja foleni ndani ya ruta.

Ukibonyeza Ctrl pamoja na C, ping husimama na kukupa asilimia ya pakiti zilizopotea. Iandike, kwa sababu utaihitaji kulinganisha baada ya kila badiliko.

Windows ina kumbukumbu nyingine ambayo wengi hawaifahamu. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi kisha andika:

netsh wlan show wlanreport

Amri hii hutengeneza ripoti ya siku tatu zilizopita na kukuonyesha mahali ilipohifadhiwa. Ifungue kwa kivinjari. Ndani yake kuna mchoro wa vipindi vyote vya kuunganishwa na sababu ya kila kukatika. Ukikuta sababu ileile inajirudia, hasa ile inayosema kwamba mtandao umekatwa na kiendeshi, ruka moja kwa moja hadi hatua ya tano na ya sita.

Hatua ya tatu: pima mawimbi mahali unapoketi

Vijistari vya alama ya Wi-Fi ni kipimo cha jumla mno. Kwenye macOS, shikilia kitufe cha Option ukibofya alama ya Wi-Fi, na utaona namba iliyoandikwa RSSI, yaani nguvu ya mawimbi. Kwenye Linux, amri iw dev wlan0 link huonyesha nguvu ileile, ingawa jina wlan0 huenda likawa tofauti kwenye kompyuta yako. Namba hizi ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu: -50 ni nzuri sana, -67 inatosha kwa mazungumzo ya video, na ukifika karibu na -80 kukatika ni jambo la kutarajiwa. Windows huonyesha asilimia, kwa amri hii:

netsh wlan show interfaces

Pima mara mbili, mara ya kwanza ukiwa mita mbili kutoka kwenye ruta bila ukuta katikati, na mara ya pili ukiwa mahali unapoketi siku zote. Nguvu ikishuka sana, tatizo ni umbali na vizuizi. Zege, chuma, vioo vikubwa na maji hula mawimbi kuliko mbao. Ruta iliyofichwa kabatini, iliyowekwa sakafuni au nyuma ya televisheni inaanza safari ikiwa imeshachoka. Ipandishe juu, iwe mahali palipo wazi. Kumbuka pia kwamba antena za kompyuta mpakato kwa kawaida zimo kwenye fremu ya skrini, kwa hiyo anayefunga kifuniko ili atumie skrini ya nje anaziziba antena zake mwenyewe.

Na kama nguvu ni hafifu hata ukiwa mita mbili kutoka kwenye ruta, huku simu ikipokea vizuri papo hapo, weka alama. Tutalirudia jambo hilo katika hatua ya nane.

Hatua ya nne: mwingiliano wa mawimbi

Wi-Fi nyingi hutumia masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Yale ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini yamejaa watu: majirani, vifaa vya Bluetooth, na tanuri za maikrowevu, ambazo hufanya kazi karibu na gigahezi 2.45. Kama daftari lako linaonyesha Wi-Fi hufa kwa dakika mbili au tatu wakati wa kupasha chakula, huna haja ya kutafuta zaidi.

Kuna chanzo kimoja ambacho kilinisumbua siku mbili nzima kabla sijakitambua. Kompyuta ilikuwa ikipoteza Wi-Fi bila mpangilio wowote niliouona, nami nikabadilisha kiendeshi mara tatu. Ndipo daftari liliponionyesha kwamba kila mara ilipokatika, diski ya nje ilikuwa inanakili faili. Nilipoichomoa, ping ikatulia palepale. Nilipoichomeka tena na kuanza kunakili, milisekunde mbili zikawa mia tisa. Vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele inayoangukia kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na Intel ililieleza jambo hili katika waraka wake wa mwaka 2012. Suluhisho ni kuhamishia kifaa kwenye tundu la upande wa pili, kutumia kebo ndefu kidogo yenye kinga nzuri, au kuhamia gigahezi 5, ambako kelele hiyo haifiki.

Kuhamia gigahezi 5 ndilo jaribio la kwanza ninalolipendekeza kwa yeyote anayeketi chumba kimoja na ruta au chumba cha jirani. Ruta nyingi hutumia jina moja kwa masafa yote mawili, na kompyuta huweza kuwa inaruka kutoka moja kwenda jingine, ikikatika kidogo kila inaporuka. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, yape masafa hayo majina mawili tofauti kwa muda wa majaribio, kisha unganisha kompyuta na lile la gigahezi 5 pekee. Kukatika kukikoma, umepata jibu.

Ukilazimika kubaki kwenye 2.4, chagua kwa makini chaneli, yaani njia ndogo ndani ya masafa ambayo ruta hurushia. Vituo vya chaneli hizo vimeachana kwa megahezi 5 tu, ilhali kila chaneli huchukua upana wa takriban megahezi 20, hivyo zinapandana. Chaneli 1, 6 na 11 ndizo tatu zisizogusana. Chagua miongoni mwa hizo ile yenye majirani wachache, na upana uweke megahezi 20 badala ya 40. Watu wengine huchagua 3 au 4 wakidhani wamepata nafasi tupu katikati, kumbe wamejiweka mahali pa kusumbuliwa na pande zote mbili. Tena, ruta iliyoachwa ijichagulie chaneli huweza kuhamia 12 au 13, ambazo kompyuta zilizotengenezwa kwa baadhi ya masoko hazizioni kabisa; mtandao hutoweka kwenye orodha kana kwamba umezimwa, na siku inayofuata unarudi.

Gigahezi 5 nayo ina mtego wake mmoja. Chaneli 52 hadi 144 zinatumiwa pia na rada, na ruta inapohisi rada inalazimika kuihama chaneli hiyo mara moja. Inapohamia nyingine ya kundi hilohilo, husikiliza kwanza kwa angalau dakika moja kabla ya kuanza kurusha. Kwa hiyo, Wi-Fi inayopotea kwa dakika nzima kisha ikarudi yenyewe, tena kwa vifaa vyote, ni ya kushukiwa hapa. Weka chaneli kati ya 36 na 48 uone.

Hatua ya tano: umeme

Kompyuta mpakato huhifadhi betri kwa kuilaza kadi ya Wi-Fi pale inapodhani haitumiki, na baadhi ya kadi haziamki vizuri. Dalili yake ni kukatika ukiwa kwenye betri, au baada ya kukaa kimya ukisoma ukurasa mrefu.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, na katika orodha inayofunguka tafuta adapta ya Wi-Fi chini ya Network adapters. Ibofye mara mbili, nenda kwenye kichupo cha Power Management, na uondoe alama kwenye mstari unaoruhusu kompyuta kuzima kifaa hicho ili kuokoa umeme. Kompyuta nyingi za karibuni hazina kichupo hicho; kama yako ni mojawapo, badilisha hali ya umeme ya mfumo mzima iwe ya utendaji bora kwa muda wa jaribio. Kwenye Linux, andika:

sudo iw dev wlan0 set power_save off

Badiliko hili hudumu hadi kompyuta itakapozimwa, na kwa jaribio hilo ni jambo jema. Likisaidia, ndipo ulifanye la kudumu.

Hatua ya sita: kiendeshi

Kiendeshi ni programu ndogo inayouwezesha mfumo kuzungumza na kadi ya Wi-Fi. Kama matatizo yalianza mara baada ya sasisho, usikimbilie kutafuta kipya, rudi nyuma. Katika dirisha lilelile la adapta, kichupo cha Driver kina kitufe cha Roll Back Driver ambacho hurejesha toleo la awali. Kikiwa kimefifia, hakuna toleo la awali lililohifadhiwa.

Kama hakukuwa na sasisho, tafuta kiendeshi kipya kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta kwa namba kamili ya modeli yako, au kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kadi, ambaye mara nyingi ni Intel, Realtek, MediaTek au Qualcomm. Epuka programu zinazojitangaza kuwa zitasasisha viendeshi vyote kwa mbofyo mmoja, maana nyingi huleta matatizo kuliko zinavyoondoa. Na tafadhali pakua faili na uihifadhi kwenye kompyuta kabla ya kuondoa kiendeshi cha zamani. Ukishakiondoa, huenda usiwe na Wi-Fi ya kupakulia kingine.

Hatua ya saba: anwani na majina

Wakati mwingine alama ya Wi-Fi inaonekana nzima lakini hakuna kinachofunguka. Tazama ipconfig: anwani ya IPv4 inayoanza na 169.254 maana yake ruta haikuipa kompyuta anwani, hivyo kompyuta ikajipa yenyewe. Amri ipconfig /release ikifuatiwa na ipconfig /renew huomba upya. Kama 8.8.8.8 inajibu vizuri ilhali tovuti hazifunguki kwa majina yake, kasoro iko kwenye DNS, yaani huduma inayogeuza majina kuwa anwani. Andika ipconfig /flushdns, na isiposaidia weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kama seva ya DNS katika mipangilio ya mtandao.

Kabla ya kwenda mbali zaidi, usahaulishe mfumo mtandao huo na uuunganishe upya kwa nywila. Kama ruta yako inatumia WPA2 na WPA3, ambazo ni aina za ulinzi wa Wi-Fi, kwa pamoja, na kadi yako ni ya zamani, jaribu WPA2 pekee.

Hatua ya nane: kadi na nyaya zake

Sasa rudi kwenye ile alama uliyoiweka katika hatua ya tatu. Kompyuta inayopokea mawimbi hafifu ikiwa jirani kabisa na ruta, ilhali simu haina shida, huenda nyaya zake za antena zimelegea. Ndani ya kompyuta nyingi, nyaya mbili nyembamba, mara nyingi moja nyeusi na nyingine nyeupe, hutoka kwenye skrini, hupita kwenye bawaba na kuishia kwenye kadi, ambako kila moja hubanwa na kifungo kidogo kuliko punje ya mchele. Mmoja ukichomoka, Wi-Fi haifi. Hudhoofika tu, na ndiyo sababu tatizo hili hudumu miezi bila kutambuliwa. Dalili yake kuu ni kwamba mawimbi hubadilika unapokunja au kukunjua kifuniko, au tatizo lilianza mara baada ya kompyuta kufunguliwa kwa matengenezo. Kama hujawahi kufungua kompyuta, mpe fundi. Vifungo hivyo havivumilii kusukumwa kwa nguvu.

Njia rahisi ya kuthibitisha kabla ya kufungua chochote ni kuazima adapta ndogo ya Wi-Fi ya USB na kuitumia badala ya kadi ya ndani kwa siku moja, huku ping ikiendelea. Adapta ikishikilia mtandao mahali palepale ambapo kadi ya ndani inashindwa, tofauti imebaki kwenye kadi, kiendeshi chake au nyaya zake. Adapta nayo ikikatika, rudi hatua ya nne. Fundi utakayemwendea mwonyeshe daftari lako na asilimia za pakiti zilizopotea, umwambie yale uliyokwisha kuyajaribu.

Tatizo likishaondoka, endesha ping kwa ruta kwa saa nzima ukiwa kwenye chaja, na saa nyingine ukiwa kwenye betri. Kisha rudisha moja baada ya jingine mabadiliko yote ambayo hayakusaidia, ukianza na usimamizi wa umeme, ili betri yako isiendelee kulipia jambo ambalo halikuwa kosa lake.